Kutoka Mafia kwenda mafunzoni kwa ndege ndogo: mambo ya kuyajua kabla hujaitwa

Kutoka Kilindoni hadi Dar es Salaam ndege ndogo haimalizi hata saa nzima angani. Watu wakisikia mwalimu wa shule ya msingi amekwenda semina kwa ndege, hudhani amepata raha ya mwaka. Mimi nimeipanda, na ninachotaka kuwaambia wenzangu mnaofundisha visiwani ni kwamba kuruka kwenyewe ndiko kulikonisumbua kidogo kuliko yote. Kazi iko kwenye barua, mzani, upepo na risiti. Hayo usipoyaandaa, utafika mafunzoni umechoka, una deni, na siku ya kwanza imekwisha bila wewe.

Nafundisha darasa la kwanza katika shule iliyo kaskazini mwa kisiwa, upande wa Bweni. Kufika Kilindoni ni mwendo mrefu wa bodaboda, au ile daladala ya alfajiri ukiiwahi. Wilaya yetu iko Mkoa wa Pwani, lakini kati yetu na Pwani nyingine kuna bahari, na siku zote tunavuka kwenda Nyamisati kule Kibiti kwa kivuko au kwa boti, kisha tunapanda basi. Hiyo ndiyo njia inayolingana na mshahara wetu. Ndege tunaziona zikipita juu ya minazi zikiwa na watalii wanaokuja kuogelea na papa potwe, na wagonjwa wanaokimbizwa Muhimbili.

Wito ulinikuta likizo ya Juni. Afisa Elimu Kata aliturushia picha ya barua kwenye kundi la WhatsApp siku ya Alhamisi jioni: walimu wa darasa la kwanza waliotajwa hapo chini waripoti Jumatatu asubuhi katika chuo kimoja cha ualimu mkoani Morogoro, mafunzo ya mtaala ulioboreshwa na ufundishaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala huo tulianza kuufundisha Januari 2024, na wengi wetu tulikuwa tunaufundisha kwa kusoma kiongozi cha mwalimu usiku na kubahatisha mchana. Kwa hiyo niliposoma jina langu nilifurahi sana. Furaha ilidumu mpaka nilipofikiria bahari.

Juni ni msimu wa upepo wa kusi. Siku hizo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa kwa ukanda wa pwani, na boti zilikuwa zimesimama. Zamani labda ungempata nahodha wa kukuvusha kwa siri. Tangu Kimbunga Hidaya kilipotupiga tarehe 4 Mei 2024, watu wamejifunza kuisikiliza tahadhari. Tuliona mapaa yakiondoka na minazi ikilala chini, na mimi sitamshauri mwalimu yeyote avuke bahari iliyofungwa kwa sababu ya semina. Ikabaki ndege.

Sasa nianze na karatasi, kwa kuwa hapo ndipo wenzangu wengi huumia.

Barua ya wito ilisema nauli itarejeshwa. Haikusema nauli ya nini. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, ametembea sana na barua za serikali, nikaenda kumuaga. Akasoma ile picha kwenye simu akiwa ameishika mbali na macho, akanirudishia.

"Mwanangu, hii haikutoshi. Usiruke kwa maneno ya mdomo. Karatasi iseme ndege."

"Mwalimu, lakini wote wanajua boti hazitembei."

"Leo wanajua. Miezi mitatu ijayo anayekagua dai lako hatakumbuka upepo wa leo."

Ijumaa asubuhi nikaenda wilayani. Nilichoomba ni kitu kidogo: kibali cha safari kitaje kwamba mtumishi atatumia usafiri wa anga kwa kuwa usafiri wa majini umesitishwa kutokana na hali ya hewa. Ilinichukua kutwa. Aliyeandika hakuwa na mamlaka ya kusaini, mwenye kusaini alikuwa kikaoni, mhuri ulikuwa umefungiwa kabatini. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa tisa na nusu, na nilitoka na karatasi yenye sahihi, mhuri na tarehe. Mwenzangu wa shule nyingine alichoka kusubiri, akaondoka na ahadi. Alipodai fedha yake baadaye alilipwa nauli ya boti. Tofauti yote ilitoka mfukoni mwake, na ni mwalimu anayesomesha watoto watatu.

Jambo la pili ni fedha yenyewe. Tiketi ya kwenda tu ilinigharimu laki tatu na ushee, wakati kuvuka kwa maji hakufiki hata elfu thelathini. Ukiuliza ofisini kuhusu masurufu mapema, yaani fedha unayopewa kabla ya safari na kuitolea hesabu ukirudi, unaweza kubahatika. Kwa wito wa siku tatu hakuna muda huo. Nikakopa kwenye kikoba chetu, mkopo wenye riba, kwa matumaini ya marejesho. Marejesho yalikuja, lakini yalichukua miezi, na riba ya kikoba hakuna ofisi inayoirudisha. Kwa hiyo unapopiga hesabu usipige ya nauli peke yake. Weka bodaboda ya kufika uwanjani, usiku mmoja Dar es Salaam, chakula, nauli ya treni au basi, na akiba ya kulala tena iwapo ndege itaahirishwa. Hiyo ya mwisho watu huiacha, nayo ndiyo inayokuja kuwafanya wakope kwa watu wasiowajua.

Kwenye kukata tiketi, jina liwe lile lile la kitambulisho cha NIDA. Sisi wanawake tulioolewa tuna tabia ya kutumia jina la mume huku na la baba kule. Kaunta hawakujui kwa yote mawili. Uliza pia kama ndege inakwenda moja kwa moja au inazunguka kwingine kwanza, na kama tiketi inabadilishika bila kulipia upya. Mwenye mtoto wa kunyonya amtaje siku ile ile ya kukata, hata kama atampakata, kwa sababu naye anahesabiwa.

Halafu kuna kilo.

Tiketi yangu iliruhusu kilo 15 za mizigo. Mwalimu anayekwenda semina kilo 15 humtoka kabla hajaweka nguo: kiongozi cha mwalimu, vitabu vya kiada, daftari la maandalio, manila, kadi za silabi tulizokata kwa maboksi. Na sisi watu wa Mafia tuna jambo letu jingine. Habari ya kwamba fulani anakwenda Dar haijafika jioni, wameshaanza kuja: nazi za shangazi wa Mbagala, pweza mkavu wa kaka wa Temeke, kifurushi cha mtoto aliyeko Chang'ombe ambacho mama yake anakuapia kwamba ni kidogo tu. Kwenye boti hayo yote yanapita. Kwenye ndege niliwaambia ukweli, kwa heshima, kwamba nimepewa kilo zangu na haziongezeki. Mama mmoja alinuna. Niliumia, maana ni mtu aliyenilelea watoto, lakini kilo ya ziada ingelipiwa, na samaki hata akiwa mkavu wanaweza kumkataa kwa sababu ya harufu ndani ya chumba kidogo kile.

Vitabu nilivipiga picha kurasa nilizozihitaji, nikaviacha. Kadi za silabi nilizichukua, na nilishukuru baadaye. Begi liwe la kitambaa, linalobonyea. Ndege hizi hupakia mizigo kwenye sehemu iliyo chini ya tumbo au nyuma ya viti, na sanduku gumu la magurudumu linaweza kukosa pa kukaa hata kama uzito wake uko sawa. Benki ya chaji ya simu ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye begi kubwa. Dawa na karatasi zako zote nazo zibaki na wewe.

Nilipofika kaunta kijana alipima begi, akaandika. Kisha akanionyesha mzani ule ule.

"Mwalimu, panda na wewe. Na mkoba wako wa mkononi."

Mbele ya foleni. Nyuma yangu alikuwa baba wa mwanafunzi wangu, mzee wa heshima. Nilisita. Yule kijana alinielewa, akaugeuza uso wa mzani upande wake ili asione mwingine, akaandika namba bila kuitamka. Nawaeleza hili mapema ili lisiwashtue, hasa akina dada na akina mama, kwani sikuwahi kusikia mtu akilisimulia. Hakuna dharau ndani yake. Ndege niliyopanda ilikuwa Cessna Caravan, ya injini moja, inayobeba abiria wasiofika 15. Kwenye chombo kidogo namna hiyo kila kilo inaingia kwenye hesabu ya rubani: mafuta kiasi gani, mizigo kiasi gani, nani akae mbele na nani nyuma. Ndiyo maana pia mtu huambiwa kiti cha kukaa, na wakikuambia uhame, hama. Anayekuhamisha anapanga uzito.

Nilikata tiketi ya Jumamosi asubuhi ingawa mafunzo yalikuwa Jumatatu. Kuna waliokata ya Jumapili mchana ili waokoe gharama ya kulala. Ndege yetu ya saa tatu iliondoka saa saba kasoro, kwa sababu ilichelewa kutoka kule ilikoanzia na upepo ulikuwa mbaya. Ya Jumapili ikaahirishwa kabisa. Wale wenzetu waliingia Morogoro Jumanne. Kama ungeniuliza kitu kimoja tu cha kushika katika maelezo yangu haya, ningekutajia hiki: uwe na siku moja tupu kati ya ndege na semina. Ndege kubwa ikiharibika huletwa nyingine. Huku kwetu unasubiri hiyo hiyo, na usiku ukikaribia, ni mpaka kesho.

Saa za kusubiri ni ndefu na uwanja ni mdogo. Beba maji na kitu cha kutafuna, ila usinywe sana ndege ikikaribia, kwani ndani hakuna choo.

Kuhusu hofu niseme wazi. Niliogopa. Nilikuwa sijawahi kupanda ndege ya aina yoyote, na hii ukiingia unainama, unapita kati ya viti, unamwona rubani mgongo wake na saa zake zote mbele yake, hakuna pazia wala mlango. Aligeuka, akatusalimu kwa Kiswahili, akaonyesha mkanda unavyofungwa na kufunguliwa, milango ya dharura ilipo, na boya lilipo. Sikiliza hapo. Watu huwa wanapiga picha muda ule. Mimi niliufunga na kuufungua mkanda mara kadhaa mpaka vidole vikajua.

Kando yangu alikaa bibi mmoja wa Kirongwe, anakwenda Muhimbili kwa macho. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kama mimi nimezoea. Nikamwambia hapana, bibi, ni mara ya kwanza. Akanishika mkono. "Basi tushikane. Tutafika, inshallah." Sikuuachia mkono ule mpaka Dar es Salaam.

Injini ilipoongezwa nguvu, kelele ilijaa mpaka kifuani, mazungumzo yakafa. Tukakimbia, tukainuka. Minazi ikawa midogo, halafu mwamba wa matumbawe ukaonekana wazi chini ya maji ya kijani, halafu bluu tupu yenye mistari myeupe ya mawimbi. Nilipoyaona mawimbi yale kutoka juu ndipo nilipoelewa kwa nini boti zilifungwa. Baadaye upande wa kushoto lilitokea delta ya Rufiji, mikoko isiyokwisha imekatwakatwa na vijito, na maji ya kahawia ya mto yakiingia baharini yakiacha mpaka unaouona kwa macho. Nimefundisha delta ya Rufiji ubaoni kwa chaki. Nililia kidogo, na machozi yale hayakuwa ya woga.

Tulipokaribia nchi kavu ilianza kuyumba. Mchana jua likishapasha ardhi, hewa moto hupanda, na ndege ndogo inapita humo inapigwa kama dau lililopata wimbi la ubavu. Inashuka ghafla, tumbo linabaki juu, inainuka tena. Rubani hakugeuka wala hakubadilisha mkao, nami nikaamua kumtazama yeye badala ya dirisha. Hilo lilinisaidia kuliko maombi mengine yote niliyokuwa nikiyapanga. Kama una tumbo jepesi, omba ndege ya asubuhi mapema, hewa ikiwa bado imetulia, na tafuna tangawizi. Mfuko wa kutapikia uko kwenye mfuko wa kiti cha mbele yako, uutafute kabla hujauhitaji. Masikio nayo huziba wakati wa kushuka, hivyo meza mate au tafuna jojo. Mwenye mafua makali bora amwone daktari kwanza, maana maumivu yake siyo ya mchezo. Mwenzetu mmoja alisikiliza semina siku mbili kwa sikio moja.

Dar es Salaam ndege hizi hutua Terminal 1, jengo la zamani, siyo lile kubwa jipya la Terminal 3. Mwambie anayekuja kukupokea, vinginevyo mtatafutana kwa simu mpaka salio liishe. Nililala kwa binamu yangu Temeke. Jumapili nikapanda treni ya SGR Stesheni, daraja la kawaida shilingi 13,000, kitambulisho mkononi, na kabla sijamaliza kushangaa tukawa Kihonda, Morogoro. Hapo sina mengi ya kusimulia, kulienda vizuri.

Jumatatu nilikaa mstari wa mbele nikiwa nimelala, nimekula, nimeoga. Nasisitiza hili kwa sababu siku ya kwanza ndiyo iliyobeba mafunzo. Ndiyo siku mwezeshaji alipotugawa kwenye makundi, akatupa kazi ya kuandaa somo la dakika chache, na akatuonyesha jinsi ya kumfikisha mtoto kwenye silabi kwa kuanzia sauti ya herufi, si jina lake. Mtoto atamke sauti ya m, atamke sauti ya a, azivute zikutane mpaka apate "ma" mwenyewe. Miaka yote nilikuwa na watoto wanaokariri a, e, i, o, u kwa wimbo mzuri na wakifika kwenye neno wanasimama. Nilitoa zile kadi zangu za maboksi nikafundishia mbele ya wenzangu. Wale waliofika Jumanne walikuta makundi yameshajaa, wakapachikwa pembeni, na swali lao la kwanza lilikuwa hilo tulilokwisha kulijibu. Nao walikuwa walimu wazuri kuliko mimi. Iliniuma kuwaona wanaandika kwa kunakili madaftari yetu usiku, macho yamevimba.

Semina iliisha, na dai likaanza. Nilikuwa na bahasha moja ya kaki na kila karatasi iliingia humo papo hapo: barua ya wito iliyochapishwa, kibali kinachotaja ndege, tiketi, pasi ya kupandia ndege, risiti ya EFD, tiketi ya treni, cheti cha mahudhurio. Pasi ya kupandia ndiyo inayopotea zaidi, kwa kuwa ni kijikaratasi tu na watu huitupa wakishatua. Ofisi itakuuliza hiyo, kwani tiketi inaonyesha ulilipa, pasi inaonyesha ulisafiri. Zipige picha zote, maana wino wa risiti hufutika kwa joto. Wasilisha dai wiki ile ile uliyorudi, upate nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, na uandike jina la aliyepokea. Nilipokwenda kufuatilia mara ya kwanza niliambiwa jalada halionekani. Nilitoa nakala yangu yenye mhuri, nikakaa. Likaonekana.

Kurudi nilipitia Nyamisati. Upepo ulikuwa umepungua, tahadhari imeondolewa, na sikuwa na sababu ya kukopa tena. Tulivuka salama, nikiwa nimelowa.

Muhula ulipofunguliwa niliwafundisha wenzangu wa shuleni na wa shule za jirani yale ya sauti na silabi, kwenye vikao vyetu vya mafunzo kazini. Mwishoni mwa kikao cha kwanza mwalimu mmoja kijana, aliyeajiriwa juzi, alinyoosha mkono. Nikadhani ni swali la KKK. Akauliza: "Madamu, na mzani wanapima mpaka mtu?" Tukaongeza nusu saa, nikawaeleza yote haya. Sasa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu, karibu na ratiba ya zamu, tumebandika namba za simu za kaunta ya ndege na za boti, mfano wa sentensi ya kuombea kibali cha usafiri wa anga, na orodha ya karatasi za bahasha. Mwalimu mkuu ameziwekea plastiki ili mvua ya dirishani isizilowanishe.